Kidole Kisichogusa Maji

Katika nyumba yetu ya Mtaa wa Albion, tangu Aprili hadi mwisho wa Septemba, mwanangu Clement hakuruhusiwa kuosha hata kijiko. Baba yake, Horace, ndiye aliyeiweka sheria hiyo, na dada yake, Maureen, ndiye aliyeilalamikia kila jioni, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa begani.

"Kwa hiyo mimi ni mjakazi wake? Anafyeka sahani mbili za viazi, halafu anainuka kama askofu!"

"Ngozi ya kidole ikilainika kwa maji itachanika," Horace alimjibu bila kushusha gazeti. "Kidole kile ndicho kilichomtoa kiwandani. Chako kimemtoa nani?"

"Changu kitamtoa mtu jicho," Maureen alisema, akimkodolea kaka yake.

Clem alicheka tu, akakiinua kidole chenyewe juu kama msichana anayeonyesha pete ya uchumba.

Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ubavuni mwake palikuwa na sugu ngumu kama kisigino cha kiatu, na kila jioni baba yake aliipaka nta ile ile iliyotumika kiwandani kupaka nyuzi. Katika kriketi wako watupaji wanaokuja mbio kama wanaofukuzwa na mbwa, wakautupa mpira kwa nguvu zao zote ili wamtishe mpigaji. Clem hakuwa wa aina hiyo. Yeye alikwenda hatua chache tu, mfano wa mtu anayekwenda kufunga lango la bustani, akauzungusha mpira kwa kidole kile, kisha akauachia upande juu taratibu. Mpigaji aliuona ukija, akachagua mahali pa kuupeleka. Kumbe mpira ukigusa ardhi hugeuza njia, ukampita ubavuni na kuviangusha vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, na hapo mpigaji ametolewa.

Ni kazi ya subira, na ni kazi inayohitaji ridhaa ya ardhi. Ardhi ikiwa kavu na ngumu, mpira hauna pa kushika, na mtupaji wa aina ya Clem hupigwa kama zulia la sebuleni. Lakini mvua ikinyesha usiku, na asubuhi jua likaziwakia nyasi zilizolowa, basi siku hiyo ni yake. Wakati huo viwanja havikufunikwa. Mvua ilinyesha alipopenda Mungu, na wachezaji wakacheza juu ya ardhi waliyoikuta.

Mji wetu ni mji wa viatu. Horace alikata ngozi, mimi nilishona sehemu za juu za viatu hadi nilipoolewa, na Clem aliingia kiwandani mara tu alipoacha shule. Vidole vyake vilipata nguvu kwa kuvuta ngozi juu ya kalibu ya mbao yenye umbo la mguu. Jumamosi alichezea timu ya kiwanda, na sifa zake zikatangulia mbele yake, hata timu ya kaunti ikamwita na kumwajiri akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Mtaa mzima ulitoka mlangoni kumuaga, ingawa uwanja wa kaunti ulikuwa nyuma ya kanisa tu, na angerudi kula chakula cha jioni. Tangu siku hiyo akawa mtu anayelipwa kwa kusimama juani, ilhali baba yake, tangu utoto, hakuwahi kuliona jua la Jumatano.

Mimi nilikuwa tayari ni mmoja wa wanawake watatu tulioandaa chakula cha mchana na chai katika jiko la uwanja huo. Mkubwa wetu alikuwa Bi. Dunkley, mjane mwenye mikono kama ya mwashi, na mwenzetu wa tatu alikuwa jirani yangu Ivy Munns, ambaye ulimi wake ulipumzika kanisani tu, tena si ibada nzima. Mtu angedhani kwamba kazi hiyo ilinipa nafasi ya kumtazama mwanangu kila siku. Sivyo. Dirisha lililokuwa juu ya sinki lilitazama banda la baiskeli.

Mara moja, katika msimu wake wa kwanza, Bi. Dunkley alinipa ruhusa. Nilivaa kofia yangu ya kanisani, nikaketi benchi la mbele. Siku hiyo Clem alipigwa mipira hadi mmoja ukaangukia ndani ya ua wa kiwanda cha pombe, na wafanyakazi wakakataa kuurudisha mpaka waimbiwe. Niliporudi jikoni, Ivy alinipokea mlangoni.

"Winnie, dada yangu, nakupenda, lakini jicho lako ni zito. Bora ubaki na sahani zako."

Alikuwa akitania, lakini si utani mtupu. Watu wa kriketi wana itikadi yao, nayo huwashika wenye elimu na wasio nayo: mambo yakienda vizuri, hakuna mtu kuondoka mahali alipo. Aliyesimama asimame, aliyekunja mguu asiukunjue. Nimewaona majaji na madaktari wakiketi mvuani bila mwavuli kwa sababu walianza kushinda wakiwa hawana mwavuli. Mimi sikujihesabu kuwa mtu wa mambo hayo. Hata hivyo, tangu siku ile sikuomba ruhusa tena.

Nahodha wa timu alikuwa Bwana Lyddon, mtu wa nyumba kubwa aliyecheza bila malipo. Watu wa aina yake waliingia uwanjani kwa lango la katikati. Wale wa mshahara walipita lango la pembeni. Yeye alimwita mwanangu "Loakes", na mwanangu alimwita "Bwana". Hakuwa mtu mbaya. Mwezi Agosti wa msimu wa pili alimwita Clem kando, na jioni hiyo Clem aliyarudia maneno yake mezani, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Amesema kamati inakutana juma lijalo. Watupaji wa polepole tuko wawili na nafasi ni moja, na mwenzangu amewatoa watu wengi kuliko mimi. Imebaki mechi hii moja ya nyumbani. Amesema, 'Nipe kitu cha kuwaambia wale wazee, Loakes.'"

Horace aliliweka gazeti chini.

"Na ukiachwa, kiwandani watakupokea," nilisema. "Msimamizi, Bwana Chettle, alisema mwenyewe."

"Najua, Mama. Watanipokea vizuri sana. Watanipigia makofi mlangoni na kunirudishia kiti changu kile kile." Alikitazama kidole chake. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Mimi nilikuwa na haja yangu nyingine ambayo sikuitaja, kwa sababu ilionekana ndogo mbele ya yake: nilitaka kumwona, hata kwa mara moja, akikifanya vizuri kile alichozaliwa kukifanya.

Mechi ilichezwa siku tatu. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho mvua ilishuka juu ya mapaa yetu kwa sauti ambayo wake wa watupaji wa polepole, na mama zao, huisikiliza kwa shukrani. Asubuhi jua lilitoka kali. Nilipopita langoni na kikapu changu, nyasi zilikuwa zikifuka mvuke. Wageni wetu walihitaji alama si nyingi ili washinde, na hadi chakula cha mchana walikuwa wametolewa watu wawili tu, tena na watupaji wa mbio. Ili tushinde sisi, ilitupasa kuwatoa wanane waliobaki.

Baada ya chakula niliinamia sinki na mlima wa sahani za nyama baridi. Ivy alikwenda mlangoni na mkate kwapani, akidai kwamba anatafuta hewa.

"Clem amepewa mpira," alisema.

Nikaendelea kuosha. Mwanamke anayefanya kazi katika jiko la uwanja huyajua mambo kwa masikio. Mpira ukipigwa vizuri, makofi huja yakitawanyika, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mtu akitolewa, hutangulia ukelele mmoja wa wachezaji wote kwa pamoja, kisha kimya kifupi, ndipo makofi. Nilikuwa na sahani ya pili mkononi nilipousikia ukelele ule.

"Vijiti vimelala!" Ivy alipiga kelele. "Jamaa bado anaitazama ardhi kama aliyeangusha shilingi!"

Sikuwahi kuimaliza sahani iliyofuata kabla ya ukelele mwingine. Kisha mwingine. Bi. Dunkley, aliyekuwa akipaka siagi kwenye mikate, alikigeuza kisu na kukielekeza kwangu.

"Winifred, ulikuwa unafanya nini walipotoka wote watatu?"

"Kuosha, Bi. Dunkley."

"Basi endelea."

"Lakini sahani zinakwisha, na bado sijakata matango ya chai."

"Matango nitakata mimi. Ivy, na wewe usisogee hapo mlangoni. Mkate huo ulikuwa kwapa gani?"

"La kulia."

"Ubaki la kulia."

"Bi. Dunkley, mkono umekufa ganzi!"

"Kwa kaunti yako, Ivy. Wenzako walikufa vitani."

Hivyo ndivyo tulivyoipitisha alasiri ile. Sahani chafu zilipokwisha, Bi. Dunkley aliniletea zilizo safi kutoka kabatini, nikaziosha. Nikaviosha vikombe vya chai ambavyo havijanywewa, kisha bakuli za sukari, kisha vikombe vya fedha vya ushindi wa zamani, vilivyokuwa na vumbi la tangu enzi za babu zetu. Maji yalipoa, nami nikakatazwa kuyabadilisha. Kila mara nilipokaribia kuacha kwa kuchoka, ukelele ulitoka uwanjani, na wenzangu wakanitazama kama watu wanavyomtazama kuku anayetaga. Mtu wa nne kati ya wale wanane akatoka, wa tano, wa sita, wa saba. Wote kwa mkono wa mwanangu. Mimi nilikuwa nikilitazama banda la baiskeli.

Saa ya chai ilifika. Kwa desturi, wachezaji wangetoka. Lakini aliyebaki kutolewa alikuwa mmoja tu, na hapo sheria husema chai isubiri. Birika kubwa lilikuwa likitokota, chai ikizidi kuwa nyeusi.

"Wamebakiza alama ngapi?" niliuliza.

"Nne," Ivy alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pigo moja zuri, wanashinda wao."

Niliyatazama maji yale ya kijivu. Nikamwona Clem mezani, akikitazama kidole chake. Ghafla nikahisi kwamba, iwe heri au shari, mambo haya hayawezi kwisha nikiwa nimeyapa kisogo. Nikaitoa mikono majini.

"Winifred," Bi. Dunkley alisema.

"Ni mwanangu, Bi. Dunkley."

Hakunizuia. Nikaenda mlangoni, povu likinidondoka kwenye viwiko, nikasimama nyuma ya Ivy. Uwanja ulikuwa wa kijani kilichokolea, na watu wote walikuwa wameganda kama picha. Mwanangu alikuwa amenipa mgongo. Akaenda zile hatua zake za lango la bustani, mkono ukapanda, mpira ukaelea. Mpigaji akautia gongo, mpira ukaruka juu kabisa, kisha ukaanza kushuka polepole, moja kwa moja kwenye mikono ya Bwana Lyddon mwenyewe. Mtoto wa shule angeudaka kabla haujagusa ardhi, na mpigaji angekuwa ametoka. Bwana Lyddon akaushika, ukamponyoka, ukaanguka nyasini.

Uwanja mzima uliguna kwa sauti moja. Ivy aligeuka, akaniona.

"Mama yangu! Ni wewe? Winnie, rudi! Rudi kwenye sinki kabla hujatuua sote!"

Nilikimbia. Nasema kweli, mimi mwanamke mzima, mwenye akili timamu na watoto wawili, nilikimbia na kuitumbukiza mikono katika maji baridi hadi viwikoni, nikashika bakuli ya sukari na kufumba macho. Uwanja ulinyamaza. Hata birika lilionekana kunyamaza. Kisha ukaja ukelele mmoja, kimya kifupi, na makofi ambayo hayakutawanyika tena, bali yaliporomoka kama ukuta.

Ivy aliuachia mkate. Bi. Dunkley alikaa juu ya gunia la viazi, akajifuta uso kwa aproni iliyojaa siagi.

Baadaye niliambiwa kwamba Bwana Lyddon alimsubiri Clem kwenye ngazi, mbele ya wanachama wote, akaivua kofia yake ya kaunti na kumvika. Hiyo ndiyo heshima yenyewe: mtu akishavikwa kofia, kamati haina la kusema. Sikuliona hilo pia. Nilichokiona ni mlango wa jikoni ukifunguliwa, na Clem akiingia, suruali yake nyeupe ikiwa na madoa ya kijani magotini. Akaivua kofia na kuniwekea kichwani, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa majini bado.

"Umeniona, Mama?"

Ivy alitaka kunisaidia. "Ameona kila kitu!"

"Nimekusikia, mwanangu," nilisema. "Nimekusikia vizuri sana."

Jioni Horace alirudi akiwa ameendesha baiskeli kama kijana. Kiwanda kizima kilikuwa na habari. "Nieleze ule mpira wa mwisho," alisema kabla hajaketi. "Uligeuka kutoka wapi kwenda wapi?" Nilimweleza sauti yake. Akavuta kiti, akaniomba chai.

Kofia ile ilimpa Clem misimu miwili zaidi. Sitasema kwamba ilikuwa michache. Alisafiri, alilala katika hoteli, alituletea bagia za kamba kutoka miji ya pwani, na akajifunza kula supu bila kelele. Lakini wenye mamlaka juu ya mchezo walianza kuruhusu ardhi ifunikwe kwa maturubai mvua inaponyesha, ili watazamaji waliolipa kiingilio wasirudi nyumbani bure. Ardhi ikabaki kavu. Asubuhi za mvuke zikawa chache, kisha zikatoweka. Clem alilazimika kukizungusha kidole kwa nguvu zaidi ili apate kidogo kuliko zamani, na kiungo kikavimba kama fundo la kamba. Nta haikusaidia. Septemba ya msimu wa nne, Bwana Lyddon alimwita tena kando.

Alirudi mapema, jua likiwa bado juu ya bomba la moshi la kiwanda. Nilikuwa nimeinamia sinki, na Maureen alikuwa akifuta sahani. Clem aliuweka mfuko wake nyuma ya mlango, akavua koti, akaikunja mikono ya shati.

"Sogea kidogo, Mama."

"Clem, kidole chako."

"Sogea."

Akaitumbukiza mikono yote miwili majini. Aliosha vikombe vyote, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu asiyeizoea kazi, nasi tukasimama pembeni kama wageni. Hatimaye Maureen alichukua kikombe kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki bado kina doa la chai, askofu," alisema, lakini kwa sauti ya chini, na akamrudishia kwa mikono miwili.

Clem alikisugua tena. "Mama," alisema bila kugeuka, "siku ile ya wale wanane. Hukuona hata mpira mmoja, sivyo?"

"Niliuona mmoja. Ule ambao Bwana Lyddon aliuangusha."

Alicheka mpaka akaegemea sinki, na sikuweza kujua machozi yake yalikuwa ya upande gani. Kisha akaufungua mfuko, akautoa mpira mwekundu uliochakaa.

"Njoo uani."

Horace alikuwa ndiyo kwanza anaingia na baiskeli. Alimtazama mwanawe mikono iliyolowa, akaelewa bila kuambiwa, akaegemeza baiskeli ukutani. Maureen alimpa ufagio. Akasimama mbele ya pipa la taka, bado na vibanio vya baiskeli kwenye suruali, akainama kama mpigaji wa kweli. Mimi nilisimama kando ya nguzo ya kamba ya nguo, mahali ambapo ningeweza kuona kila kitu.

Clem alienda hatua zake chache. Mpira ulimteleza kwenye kidole kilicholowa, ukapaa, ukagonga ua wa jirani. Kichwa cha Ivy kikachomoza juu ya mbao.

"Winnie Loakes! Wewe tena? Ondoka hapo, mtoto atupe!"

"Siondoki, Ivy."

"Unajijua lakini!"

"Najijua. Siondoki."

Clem alikuja kwangu, akaishika aproni yangu, akakikausha kidole kile polepole, pande zote, kama baba yake alivyokuwa akikipaka nta. Akarudi mwanzo. Hatua, mkono, na mpira ukapanda kwenye mwanga wa jioni, ukizunguka kwa kasi hata mshono wake haukuonekana. Ulielea kuelekea miguuni pa Horace. Horace aliufuata kwa ufagio. Mpira uligusa matofali ya uani, ukageuka kama mtu aliyeitwa jina lake, ukaupita ufagio na kuligonga pipa kwa mlio wa kengele.

Ivy alikiegemeza kidevu chake juu ya mbao.

"Ndio huo?" Horace aliuliza, ufagio ukiwa bado hewani.

"Ndio huo wa mwisho," Clem alisema.

Niliinama, nikauokota mpira, nikaufuta kwa aproni, nikampelekea.

"Rudia," nilimwambia, na baba yake akainama tena mbele ya pipa.